Akaunti ya Watu Watano

Kabla ya mvua za kwanza, vijana watano wa Katuba, Lubumbashi, waliokuwa wakipata mkate wao kwa kuandika programu za kompyuta walikaa uani kwa kina Aristote, wakabishana kutwa nzima juu ya chombo cha kazi. Mshonaji hubishana juu ya cherehani, fundi wa magari juu ya spana. Wao walibishana juu ya kihariri, ile programu ambayo programu nyingine zote huandikwa ndani yake, ambayo hukuonyesha makosa kwa rangi na kukumalizia mstari kabla hujaumaliza mwenyewe.

Emmanuella ndiye aliyekuwa na ulimi kati yao. Alisema vihariri ni kama wenye nyumba: kila mmoja ana namna yake ya kukukamua.

"Wa kwanza anakupa nyumba bure," alisema. "Musifikiri anatupenda. Ana duka pembeni, na anajua siku moja utaingia kununua chumvi. Wa pili anataka kodi ya mwaka. Ukishindwa hakufukuzi, anakuachia nyumba ya zamani, lakini bati likitoboka ni shauri yako. Wa tatu anauza mara moja, basi. Usipolipa atakuacha ukae, ila atakuwa anapiga hodi kila saa, kwa upole, kuuliza kama umemukumbuka."

"Na wa ine?" akauliza Aristote.

"Wa ine ameweka mita mulangoni. Ukiuliza swali, inahesabu. Ukikohoa, inahesabu."

Lakini huyo wa nne ndiye waliyemtaka wote. Kihariri chake kilikuwa na akili ya mashine ndani yake: unakieleza unachotaka, nacho kinakuandikia nusu ya kazi huku wewe ukinywa chai. Bei yake ilikuwa dola ishirini kwa mwezi, na hakuna kati yao aliyekuwa na dola ishirini za kumpa mtu asiyemjua. Aristote ndiye aliyepata dawa. Mama zao walikuwa na likelemba sokoni: watu wanaoaminiana wanachanga kila mwezi, kila mmoja anapata zamu yake. Kwa nini wao wasichange dola nne nne, wakanunua akaunti moja?

Masharti yalisema akaunti moja ni ya mtu mmoja. Emmanuella aliusoma mstari huo kwa sauti ya padri.

"Basi sisi tuko muntu mumoja," akasema Aristote. "Muntu mumoja wa mikono kumi."

Wakacheka, wakachanga. Hakuna aliyesoma mstari uliofuata. Huo ulisema kwamba kihariri huchukua mipangilio ya mwenye akaunti, pamoja na kila alichokiweka humo, na kukinakili kwenye kila mashine anayoingilia, ili popote aendapo akute vitu vyake mahali pake. Ni huduma nzuri sana kwa mtu mmoja.

*

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja, saa nane mchana, Emmanuella aliitwa kwenye depo ya Mumbere. Alipoingia ofisini aliona nyuso mbili, akajua kwamba hakuitwa kwa jambo jema.

Mumbere alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, mtu mnene wa maneno machache, mwenye malori sita yaliyokuwa yakileta sukari, mafuta na mbolea kutoka mpakani Mokambo. Ndiye aliyekuwa mteja mkubwa wa kwanza wa Emmanuella, na malipo yake ndiyo yaliyokuwa yakilisha nyumba nzima ya mama yake. Emmanuella alikuwa amemwandikia programu ya kuongoza madereva: amri inaandikwa ofisini, nayo inafika kwenye simu ya dereva kama ujumbe wenye jina la MUMBERE. Zamani madereva walikuwa wakipiga simu kuuliza hiki na kile ili wapate kukawia Mokambo, na Mumbere alichoka. Kwa hiyo aliamuru kila ujumbe ufungwe kwa maneno yaleyale: Usipige simu. Fanya. Dereva wa kwanza aliyepiga simu alikaa wiki mbili bila lori. Baada ya hapo hakuna aliyepiga tena.

Uso wa pili ulikuwa wa Adalbert, karani wa depo, mzee wa familia ya wafanyakazi wa reli, ambaye kabla ya mashine ndiye aliyekuwa akiandika amri zote kwa mkono kwenye bon, vile vikaratasi vya amri. Alikuwa amesimama karibu na ukuta, kofia mkononi.

"Soma," Mumbere akamwambia Emmanuella, akaigeuza kompyuta.

Emmanuella akasoma. Saa nne asubuhi, amri ilikuwa imetumwa kwa Caleb, dereva wa kwanza kwenye orodha: Peleka mzigo Lukafu, depo ya Chilufya. Ufike kabla ya saa kumi na mbili jioni. Usipige simu. Fanya.

"Caleb anatoka Mokambo na mbolea tani ishirini," Mumbere akasema. "Alipaswa kuwa hapa saa sita. Mimi sina depo Lukafu. Mimi sijui mutu anaitwa Chilufya. Simu yake haipatikane tena. Sasa, ni nani aliandika ile kitu kwa jina langu?"

"Hapana miye, patron," akasema Adalbert.

"Wewe njo unakaa kwa hii mashine."

"Ninakaa kwa mashine juu mulinipa kiti. Saa ine miye nilikuwa chini nahesabu mifuko. Muulize yeye kama mashine haijue nani aliigusa."

Mumbere akamgeukia Emmanuella. "Mashine inajua?"

"Inaweza kujua," akasema Emmanuella. Ulimi wake, uliokuwa ukimpa sifa Katuba nzima, ulikuwa mkavu. "Munipe dakika kumi, patron. Nitaangalia inje, humu mutandao ni mubaya."

Mtandao haukuwa mbaya. Alitaka kutoka kwa sababu alikuwa amekwisha kulitambua jina la Chilufya. Alikuwa amelisikia mara nyingi kinywani mwa Aristote, aliyekuwa akiandikia ushirika wa wakulima wa Lukafu programu ya kupeleka mbolea, na aliyeanza kazi hiyo kwa kunakili programu ya Emmanuella, kwa ruhusa yake, yote, hadi maneno ya kufungia.

Nyuma ya depo, kati ya ukuta na mapipa matupu, akampigia.

"Aristote, leo asubuhi ulifanya nini?"

"Nilijaribu programu yangu. Iko muzuri, dada. Nilituma amri moja, ikaniambia imefika. Kitu kimoja tu kinanishangaza. Dereva wa kwanza kwenye orodha yangu ni miye mwenyewe, nilitia namba yangu, lakini simu yangu haikulia."

Emmanuella aliegemea ukuta. Simu ya Aristote haikulia kwa sababu ililia ya Caleb. Sasa aliona jambo lote, kama mtu anavyoona shimo baada ya mguu kuingia. Wiki iliyopita, kwa uvivu wa siku moja, alikuwa ameweka ufunguo wa siri wa Mumbere, ile namba ndefu inayoiruhusu programu kutuma amri kwa jina lake, pamoja na anwani ya orodha ya madereva, ndani ya mipangilio ya kihariri, ili asiwe akiuandika kila asubuhi. Kihariri kikafanya kile ambacho kililipwa kufanya. Kiliuchukua ufunguo na kuupeleka kwenye mashine zote tano za mtu mmoja wa mikono kumi. Programu ya Aristote, ndugu pacha wa ile yake, ilipoamka na kutafuta ufunguo ikaukuta wa Mumbere, ikaingia kwa Mumbere, ikasema kwa sauti ya Mumbere.

"Usiguse kitu," akamwambia. "Funga mashine. Waambie wengine wafunge. Ujumbe wako ulikwenda kwa dereva wa kweli. Iko njiani kwenda Lukafu na tani ishirini."

Upande wa Aristote kiti kikasikika kikisukumwa nyuma.

"Tani ngapi?"

"Ishirini."

"Dada," akasema, na sauti yake ikawa ndogo, "kuna daraja ya magogo mbele ya Lukafu. Ushirika unapitishaka camion ya tani tatu. Hata ile, bantu banashuka, banatembea kwa miguu. Na juzi mvua ilinyesha huko siku mbili."

*

Mtu angedhani kwamba Emmanuella alikimbia moja kwa moja ofisini. Hakukimbia. Alisimama pale nyuma ya mapipa na kuanza kujibembeleza. Caleb ni dereva wa miaka mingi, atakiona kidaraja na kusimama. Caleb atapata mtandao mahali fulani. Aliandika ujumbe mwingine kwa jina la Mumbere, Simama, rudi Lubumbashi, akautuma, akawa anaitazama ile alama ndogo inayosema umefika. Haikuja. Aliitazama tena. Alimfikiria mama yake akipanga vyombo, akafikiri jinsi Mumbere angetamka neno 'mwizi', polepole, kama anavyotamka kila kitu. Kama Caleb angejibu sasa, mtu yeyote asingejua. Angeufuta ufunguo, angefuta historia ya ujumbe, na kesho ingekuwa Ijumaa ya kawaida.

Mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa kaskazini, upande wa Lukafu, meusi kama chini ya sufuria.

Kilichomtoa pale ni sauti ya Mumbere dirishani. Alikuwa akiongea na polisi kwenye simu. Alikuwa akitaja jina la Adalbert, herufi kwa herufi.

Emmanuella aliingia.

"Patron, muweke simu chini. Papa Adalbert hakufanya kitu. Ni miye."

Akaeleza yote, akisimama, bila kupamba: likelemba, akaunti, ufunguo, Aristote, daraja. Alipofika kwenye daraja, Mumbere alikuwa ameketi. Uso wake haukuwa wa hasira, na hilo lilimtisha Emmanuella zaidi.

"Munakula sahani moja batu batano," akasema Mumbere taratibu, "na ndani ya sahani mumetia ufunguo ya nyumba yangu."

"Ndiyo, patron."

"Funga ule ufunguo sasa."

"Nikiufunga, ujumbe wa kumurudisha Caleb utakufa pamoja nao. Bado uko njiani, unamutafuta."

"Na ukiuacha wazi, nani mwingine anaweza kuita camion zangu?"

Emmanuella akatazama simu yake. Aristote alikuwa amemwandikia kwamba amewapata Olive na Yannick, wenzao wa akaunti, nao walikuwa wamefunga mashine zao. Mtu wa tano, Stéphane, simu yake ilikuwa imezimwa. Pengine hakuwa na umeme. Pengine alikuwa amekaa mbele ya kihariri, akifanya kazi yake kwa amani, na programu yake nayo ikitafuta ufunguo.

"Mumoja," akasema. "Hatujamupata."

Mumbere akayatazama malori matatu yaliyokuwa uani. "Uache wazi," akasema. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza. "Caleb kwanza."

Aristote alituma namba ya Chilufya, wakaipiga kwa simu ya Mumbere. Alikuwa mpima mizani wa ushirika, mwanamke wa makamo, na alipopokea walisikia kuku na watoto nyuma yake. Emmanuella alimweleza kwa maneno machache. Chilufya hakuuliza mara ya pili.

"Tani makumi mbili kwa ile daraja?" akasema. "Munataka kumuua. Niko na pikipiki ya mukwe wangu. Lakini kule mutandao hakuna, lazima kupanda kilima ya pembeni. Mungojee."

Wakangoja. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Hakuna aliyeketi vizuri katika ofisi ile. Adalbert alikuwa amehesabu njia kwa vidole: kutoka mahali Caleb alipopokea amri, kupita barabara ya Kasenga, kisha ile njia mbaya ya udongo. Alisema kwa mwendo wa lori zito angefika darajani kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Alisema hivyo mara moja tu, na kama asingesema ingekuwa afadhali. Mvua ilianza kugonga bati. Kila simu ilipolia mezani Emmanuella aliinuka: mteja wa sukari, mtu wa forodha, mke wa Mumbere akiuliza juu ya samaki. Kila baada ya dakika moja alifungua skrini kuona kama amri mpya imezaliwa bila mikono. Ile alama ya ujumbe wake bado haikuja.

Saa kumi na dakika arobaini, simu ya Mumbere ikalia. Ilikuwa namba ya Chilufya, lakini sauti ilikuwa ya mwanaume, na nyuma yake kulikuwa na kelele ya maji.

"Ni nani pale?"

"Caleb," akasema Mumbere, akaweka spika. "Caleb, ni mimi. Uko wapi?"

"Camion iko juu ya daraja. Magurudumu ya mbele imeingia. Miye nimepanda kilima na huyu mama, anasema nirudi nyuma. Simujue huyu mama. Ujumbe wa patron unasema nifike mbele ya saa kumi na mbili, na nisipige simu."

"Ile ujumbe si yangu. Rudi nyuma."

Yakasikika maji tu.

"Wewe nani?" akauliza Caleb.

"Mumbere."

"Mumbere iko kwenye simu yangu, imeandikwa. Wewe unapiga kwa simu ya mwanamuke simujue, mutu anafanana sauti. Mwaka jana walimuchukua shofere wa bantu wengine hivihivi, na camion yake. Kama wewe ni patron, uniambie kitu."

Mumbere alifungua mdomo. Emmanuella alimwona akitafuta. Macho yake yalikwenda ukutani, kwenye kalenda, kwenye orodha ya malori, kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Alijua namba ya lori, na kila dereva na kila mwizi angeweza kuijua. Tangu mashine ije hakuwa ameongea na Caleb hata mara moja.

"Wewe ni wa Katuba," akasema hatimaye.

"Bantu wengi ni wa Katuba," akasema Caleb. "Nashuka. Nitavuka."

Adalbert akavuka chumba kwa hatua mbili, akainamia simu bila kuomba ruhusa.

"Caleb, ni Adalbert. Sikiliza. Mwezi wa tatu, mutoto wako Léa alishikwa na surua. Ulikuja kwangu umelewa kwa kulia. Nilikuandikia bon ya kurudi mbele ya siku, na nikaambia patron ni injini iliharibika. Patron anasikia sasa hivi kwa mara ya kwanza. Tena uliniletea jogoo, na jogoo alikuwa mugonjwa."

Kule kilimani mtu alivuta pumzi.

"Papa Adalbert," akasema Caleb.

"Rudi nyuma, mwanangu. Polepole. Kama kuna watu juu ya camion, washuke. Kama gogo linalia, ruka, uiache iende. Mbolea si mutoto wa mutu."

Chilufya akabaki na simu. Hawakuona chochote, waliona kwa masikio tu. Mvua. Sauti ya Chilufya ikisema anashuka, amefika, amepanda. Injini ikiamka kwa mbali, ikikoroma. Kisha mlio mkavu, mfupi, kama mtu amevunja mfupa kwa goti, na Chilufya akanyamaza katikati ya neno. Emmanuella alijikuta ameshika mkono wa Adalbert. Injini ilipanda sauti, ikashuka, ikapanda tena.

"Ametoka," akasema Chilufya. "Gogo mbili zimekwenda na maji. Yeye ametoka. Anatetemeka, lakini iko muzima. Bantu banakuja kumusaidia na turubai."

Mumbere akasema bila kugeuka, "Sasa funga."

Emmanuella akaufunga ufunguo. Ilichukua sekunde tatu.

"Kesho asubuhi utakuja," Mumbere akaendelea. "Tutaongea juu ya kazi yako, kama iko. Leo kuna kitu kimoja kimebaki. Mimi sitamweleza Caleb. Papa Adalbert hatamweleza pia." Akaisukuma simu juu ya meza hadi mbele yake. Chilufya bado alikuwa kwenye laini. Alikuwa akimwita Caleb apande tena kilimani.

Emmanuella akaichukua. Alisikia hatua kwenye matope, kisha pumzi za mtu aliyepanda haraka.

"Yaya Caleb, kaka yangu, jina langu ni Emmanuella. Miye njo niliandika ile mashine ya ujumbe. Ufunguo wake niliuacha pahali ambapo bantu wengine waliweza kuuchukua, na mumoja akautumia bila kujua. Kosa si lake. Ni langu."

Emmanuella alisikia mvua ikipiga juu ya kitu cha nailoni.

"Ulijua saa ngapi?" akauliza Caleb.

Hili hakuwa amemwambia Mumbere. Angeweza kusema kwamba alijua saa ileile aliyoingia ofisini kukiri. Mumbere na Adalbert walikuwa wakimtazama, na hakuna kati yao aliyejua alisimama muda gani nyuma ya mapipa.

"Saa nane na nusu," akasema. "Nilimwambia patron saa tisa. Hapo katikati niliogopa."

"Nusu saa," akasema Caleb, si kwake, bali kwa Chilufya aliyekuwa pembeni. Emmanuella alisikia jinsi mwanamke yule alivyorudia maneno hayo kwa sauti ya chini, akihesabu, pengine, mahali pikipiki ingekuwa imefika kwa nusu saa. Alishikilia simu sikioni, akangoja, akiogopa kuwa wa kwanza kukata.